Mungu wa Haki na Funda la Maji

Mume wangu Wanjala ameumba tembo arobaini na wawili wa saruji tangu astaafu kazi ya reli, na kwa wote hao hakuwahi kuniomba msaada. Tembo amewakariri. Wamesimama kwenye malango ya hoteli za barabara ya Taveta, wanene na wapole, kila mmoja na sikio moja kubwa kuliko lingine, kwa sababu Wanjala huanza na la kulia na akifika la kushoto huwa ameshachoka. Watalii hupiga picha nao. Mimi huona aibu kidogo, halafu najivuna.

Mwezi wa sita wakili mmoja aitwaye Munyao alipanda hadi kwetu Mbololo akiwa na picha kwenye simu. Alikuwa anafungua ofisi Voi, akataka mungu wa haki asimame mlangoni: yule mwanamke wa Ulaya aliyefungwa kitambaa machoni, mkono mmoja mizani, mkono wa pili upanga. Wanjala alikubali papo hapo, maana hajawahi kukataa kazi tangu nimjue. Alipojaribu mara ya kwanza, miguu ya yule mungu ilitoka ya tembo. Akaivunja. Akajaribu tena, ikatoka ya tembo aliyekonda.

Siku ya tatu akanijia jikoni nikichambua maharagwe.

"Mama Yvonne, mchana una kazi?"

"Nina kazi tangu nizaliwe. Sema."

"Nataka uwe mungu."

Nilimwambia kwamba mimi ni Mkristo, naimba sauti ya pili kwenye kwaya, na Mungu ninayemjua hajafungwa shuka akasimamishwa juu ya kreti ya soda. Akasema hayo ni mambo ya sanaa tu, na ni siku tatu pekee, Jumatano mpaka Ijumaa. Nikakataa. Akageuka polepole kama anayeondoka, akasema, "Basi nitamwomba Mama Lewis. Yeye ana sura ya haki."

Mzee huyu ananijua kama njia ya chooni. Nilivua aproni palepale.

Mama Lewis ni Everlyne, jirani yangu, na kabla ya mwezi wa pili mwaka huu ungeniuliza Everlyne ni nani wangu ningekushangaa. Tulitobolewa masikio siku moja. Tuliolewa mwaka mmoja, yeye na Gibson wa hapahapa, mimi na huyu Mluhya wangu aliyeletwa na reli kutoka Bungoma. Shamba lake na langu yametenganishwa na ua wa minyaa, na ua huo una tundu tulilolifanya sisi wenyewe kwa kupita miaka thelathini na moja.

Kilichotutenganisha ni maji. Mfereji wetu unashuka kutoka msituni, na kila boma lina nusu siku yake kwa juma. Zamu yako ikifika unaondoa mawe na migomba uliyozibia, maji yanaingia kwako. Ikiisha unaziba, yanashuka kwa mwenzio. Kanuni ni ya zamani kuliko barabara: anayefungua maji kwenye zamu ya mwenzake hupoteza zamu zake mbili. Katibu wa mfereji ni mimi. Nimechaguliwa mara nne, na si kwa uzuri wangu.

Mwezi wa pili, jua likiwa limekausha hata nyasi za makaburini, Donald wa chini alipanda kufungulia zamu yake akakuta maji yako kwa Everlyne, yanatembea kwenye sukuma wiki yake bila haraka. Tukaitisha kikao katika banda la shule ya Jumapili. Everlyne hakukana. Aliinua mkono kutaka kusema kitu, na mimi nikasema kanuni imeshasema. Nikaandika jina lake, nikasoma kwa sauti: zamu mbili. Watu walinong'ona, "Huyu ni jaji kweli, hata rafiki yake hakumhurumia." Nilitembea na maneno hayo wiki nzima kama mtu mwenye viatu vipya.

Majuma mawili ya jua lile yalitosha. Sukuma wiki yake iligeuka karatasi, hoho zikadondoka. Everlyne hakunitukana. Angenitukana ningejua la kufanya. Aliziba lile tundu la minyaa kwa matawi, na tukikutana njiani alisema, kwa adabu yote, "Hujambo, Katibu."

Katibu! Mtu aliyenishika mkono nikijifungua Yvonne!

Sasa Jumamosi ya juma lilelile la mungu wa haki, Everlyne na Gibson walikuwa wanahamia Taveta kwa mtoto wao Lewis. Gibson ameugua, mlima umemshinda. Shamba wamemwachia mpwa wao. Nami namjua Everlyne: akiondoka na jambo moyoni haligeuzi tena. Nikifa atatuma salamu za rambirambi na shada la maua, na hatakuja. Niliogopa hilo kuliko ninavyoogopa chatu. Lakini ningemwambia nini, na haki ilikuwa yangu?

Hivyo Jumatano nilipanda juu ya kreti kwa kiburi kabisa. Wanjala alinifunga shuka nyeupe begani. Upanga ulikuwa panga letu la kukatia majani ya ng'ombe. Mizani ilikuwa vifuniko viwili vya sufuria vilivyoning'inizwa kwenye mpini wa ufagio. Akanifunga kitambaa machoni, akarudi nyuma, akasema, "Eh, Mama Yvonne. Unatisha."

"Ndivyo anavyotakiwa," nikamjibu.

Alhamisi alikuja Yvonne, binti yetu, ambaye anafundisha historia shule moja upande wa Bura na alikuwa na mapumziko ya katikati ya muhula. Nilimsikia akicheka tangu langoni mpaka akakosa pumzi. Alipomaliza kucheka aliketi kwenye ndoo, akaanza kutufundisha, maana mwalimu hata likizo hufundisha.

"Huyu wenu si wa kwanza," akasema. "Misri walikuwa na wao, Maat. Huyo alivaa unyoya mmoja kichwani. Mtu akifa, moyo wake unawekwa kwenye mizani, na upande wa pili unawekwa ule unyoya. Moyo ukiwa mzito kuliko unyoya, kuna mnyama anakaa pale chini anaungoja."

"Unyoya?" akasema Wanjala. "Basi mimi nimeliwa."

"Halafu Wagiriki walikuwa na Themis. Huyo alikuwa anaona mpaka mambo ambayo bado hayajatokea. Binti yake anaitwa Dike. Dike alikaa na watu duniani, akala nao, mpaka walipokuwa wabaya, akaona hapana, akahama. Akaenda kukaa kwenye nyota."

Mkono wangu wenye mizani ulianza kuchoka. "Akarudi lini?" nikauliza.

"Hakurudi, Mama."

Vifuniko viligongana kidogo.

"Na hicho kitambaa," Yvonne akaendelea, "wote hao hawakuwa nacho. Waliona vizuri kabisa. Kitambaa kimeletwa juzi tu, miaka mia tano hivi, na mara ya kwanza alichorwa nacho kwa kejeli, eti mahakimu hawaoni wanachofanya. Baadaye ndiyo watu wakakipenda, wakasema maana yake ni kutopendelea."

Hapo hasira ilinipanda. Siwezi kukueleza vizuri. Ni hasira ya mtu aliyesimama siku mbili juu ya kreti halafu anaambiwa amevaa kejeli. Nikasema kutopendelea ni jambo jema, na kama kila katibu angekuwa anachungulia sura za watu mfereji ungekauka.

"Ni kweli," akasema Yvonne, taratibu. "Lakini Mama, kile kikao cha mwezi wa pili. Mama Lewis alikuwa anataka kusema nini?"

Wanjala aliacha kufinyanga. Nilisikia mwiko ukilazwa kwenye ndoo.

Nami nilijua. Nisikudanganye wewe kama nilivyojidanganya mimi. Mbololo nzima ilijua kwamba siku tatu kabla ya hapo Gibson alipelekwa hospitali Voi akiwa hawezi kusimama, na Everlyne alilala kwenye benchi huko hadi zamu yake ya maji ikapita. Alirudi asubuhi ya zamu ya Donald, akakuta mboga zimelala chini, akafungua. Angeniomba ningembadilishia zamu, kanuni inaruhusu. Hakuniomba kwa sababu alikuwa hajalala siku tatu. Mkono ule ulipoinuka nilijua unachotaka kusema, nikaukatiza, kwa maana watu walikuwa wananitazama na nilitaka waone jaji.

"Nifungue hiki kitambaa," nikamwambia Wanjala. "Nimechoka leo."

Nilifika mpaka kwenye minyaa jioni ile. Nikayatazama yale matawi ya kuzibia, nikasikia Everlyne upande wa pili akifunga mizigo, akiimba kwaya, akipotea kwenye ubeti wa tatu kama kawaida yake. Nilirudi nyumbani. Mdomo huu unaosomea watu adhabu ulishindwa kusema hodi.

Ijumaa nilipanda kreti kwa uzito wa gunia. Mwili wa mungu ulikuwa umekamilika, na miguu, ashukuriwe Mungu mwenyewe, ilikuwa ya mtu. Ulibaki uso. Wanjala alikuwa amechanganya saruji laini ya mwisho na kuniambia nisitikisike, maana saruji ya uso haimngoji mtu.

Ndipo nikasikia viatu. Nilizijua hatua zile kabla hajasema neno.

"Hodi, Baba Yvonne. Nimekuja kuaga. Gibson amesema hawezi kupanda hapa, nikusalimu."

"Karibu, Mama Lewis. Karibu. Mikono yangu ina saruji."

Nilijua ananitazama: shuka, panga, vifuniko.

"Na huyu umemfunga ni nani?" akauliza.

"Ni mungu wa haki," akasema Wanjala, na sauti yake iliomba radhi.

"Namfahamu," akasema Everlyne. "Huyu hata bila kitambaa huwa haoni."

Kama kuna mtu amewahi kukupiga kofi ukajikuta unashukuru, utanielewa. Niliangusha mizani. Niliangusha na panga, likakosa kidole cha Wanjala kidogo tu. Nikavuta kitambaa mpaka shingoni, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili nikamtazama Everlyne usoni badala ya kutazama leso yake. Alikuwa amekonda. Mfupa wa shavu ulikuwa umetokeza, na chini ya macho kulikuwa na weusi wa kuuguza mtu.

"Niliona," nikasema. "Niliuona mkono wako umeinuka. Nilijua umetoka hospitali. Nilijua, Everlyne, na nilikukatiza makusudi ili nisifiwe. Nilikosa."

"Kanuni ni kanuni, Katibu."

"Kanuni inasema mtu asikizwe kwanza. Iko juu kabisa, mimi mwenyewe ndiye huisoma kila Januari. Sikuisoma siku ile."

Kuku alipita kati yetu akidonoa mchanga wa Wanjala na hakuna aliyemfukuza.

"Nipe maji," akasema mwishowe.

Nilidhani ana kiu. Nikashuka kwenye kreti, nikajikwaa kwenye shuka, nikamchotea kikombe kutoka kwenye mtungi. Alipokipokea kwa mikono miwili na kutoka nje ya kivuli cha banda, akageukia mlima, ndipo nikaelewa.

Wazee wetu wa Kidawida, hao mnaowaita Wataita, walikuwa na jambo linaitwa kutasa. Waliamini hasira iliyofichwa moyoni huwadhuru watu wa nyumbani hata bila mwenye nayo kutaka, na kwamba hakuna mwingine anayeweza kuitoa, si mzee wala mahakama. Mwenye hasira mwenyewe hupiga funda, la pombe au la maji matupu, na aliyekasirikiwa huwa amesimama hapo mbele yake. Hulipuliza chini, na kusema kwa kinywa chake kwamba imetoka. Akikataa, amekataa. Sisi ni watu wa kanisa siku hizi, tunaombeana na kushikana mikono. Mara ya mwisho nilimwona bibi yangu akitasa nilikuwa bado napoteza meno.

Everlyne alipiga funda. Mashavu yakajaa. Akasimama hivyo.

Mtu hapulizi kwa kusukumwa. Ukisema "haya basi" umeharibu. Kwa hiyo nilisimama na shuka langu, mikono chini, sina cha kusoma. Alinitazama, akatazama shamba lake, akanitazama tena. Macho yakamjaa machozi na mashavu yakiwa bado yamejaa. Niliona anayarudia yote: benchi la hospitali, hoho zilizodondoka, watu wanaonong'ona. Nikaona pia kwamba inawezekana kabisa akayatema maji yale pembeni kama ya kusukutua na kuondoka, na itakuwa haki yake.

Nyuma yangu Wanjala alikuwa anafinyanga. Baadaye alijitetea: angefanya nini, saruji ilikuwa inakauka na mtu aliyemsimamia ameshuka, akabaki na uso mmoja tu mbele yake wa kuutazama. Ndiyo maana mungu wa haki aliye mlangoni kwa wakili Munyao ana mwili wangu, macho wazi, na mashavu yaliyojaa kama mtu anayetaka kupiga tarumbeta. Wakili alipokuja kumchukua alilalamika. Wapi kitambaa, na hii ni nini mdomoni? Wanjala alimweleza. Munyao alimzunguka yule mungu mara mbili, akasema kwamba kwa kesi za mashamba anazoletewa, ndugu kwa ndugu, pengine huyu ndiye hasa, na akamfunga kamba kwenye pikapu. Hata sikio la kushoto hakuliuliza.

Lakini hayo ni ya baadaye. Siku ile Everlyne alivuta pumzi kwa pua, akainama, akapuliza. Alikusudia chini. Nusu yake ilinipata mimi kifuani, ya baridi, na sikujifuta.

"Nilikukasirikia, Wakesho," akasema, akiniita kwa jina langu tena, kidevu kikidondoka maji. "Si mboga. Mboga hupandwa. Ni mkono wangu. Uliuacha hewani mbele ya watu, sikujua niushushe vipi. Miezi minne nimekuwa nao juu." Akapiga funda la pili, dogo, akapuliza. "Imetoka. Itoke kwangu, itoke kwako, itoke kwa watoto wetu. Nimemaliza."

Nililia. Sina haja ya kupamba hapo. Nililia kwa sauti, nikamkumbatia, saruji iliyokuwa kwenye shuka ikampaka blauzi yake ya safari, na yeye akanipiga mgongo kwa kiganja akisema, "Basi, basi, unanichafua."

Halafu akaniachia, akajaza kikombe tena, akanisukumia.

"Na wewe."

"Mimi? Mimi sina kinyongo na wewe hata chembe."

"Unacho. Tangu usikie naenda Taveta ukipita kwangu unatazama ng'ambo. Umenikasirikia kwa kuwa naondoka. Toa, tusibaki na uchafu."

Nilitaka kubisha. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Lakini nilikuwa nimedanganya vya kutosha kwa mwaka mmoja. Nilimkasirikia, ndiyo, nilimkasirikia kama mtoto anayeachwa nyumbani siku ya sherehe. Nani atanisikiliza nikimsengenya Wanjala? Nani atanikumbusha jina la yule mwalimu wetu wa darasa la nne? Nikapokea kikombe, nikapiga funda, maji yakakaa mdomoni na ubaridi wake wote.

Wakaningoja, Everlyne mbele na Wanjala nyuma na mwiko wake. Nikafikiri: nikiyapuliza haya nitakuwa mwanamke mwenye moyo safi, mwepesi kama ule unyoya wa Misri, na kesho lori litaondoka, na hatakuwa na sababu yoyote duniani ya kupanda tena mlima huu.

Nikameza.

Everlyne alinikodolea macho. "Wakesho! Umemeza?"

"Nimemeza."

"Haimezwi! Nani amewahi kumeza?"

"Hii yangu siitoi leo," nikasema. "Haitolewi kama mkasirikiwa hayupo, unajua hivyo. Sharti awe amesimama hapa. Kwa hiyo nitaiweka. Siku utakayorudi kusimama hapo ulipo, nitaipuliza yote."

Kidevu chake bado kilikuwa na maji. Akaokota mkoba wake, akaujaribu uzito kama anayetafuta la kufanya na mikono. Midomo ilikuwa inamcheza.

"Nitakuja Krismasi," akasema. "Nikukute bado umekasirika."